Alumini Kwenye Maji ya Buluu

Jumatatu, 28 Aprili

Mimi Husna binti Amin, mwangalizi wa maabara ya shule hii kwa miaka ishirini na miwili, leo nimeletewa mtu wa kunitoa. Ndivyo ilivyo, mengine ni kupaka rangi tu. Mwalimu Mkuu, Bwana Matano, aliingia saa mbili asubuhi na kisichana kilichovaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, akasema, "Bi Husna, huyu ni Fauzia, ametoka Mkongani, ana diploma ya maabara. Mtafanya kazi pamoja muhula huu. Nafasi ni moja, kama ujuavyo. Tarehe thelathini Julai bodi itakaa humu humu ndani, iwaone nyote wawili, ichague."

Diploma mimi sina. Niliingia humu na ufagio. Mwalimu wa wakati huo aliniona nikisoma vibandiko vya chupa badala ya kufagia, akanifunza kupima, kuchanganya na kuhifadhi. Tangu hapo hakuna mtoto aliyefanya mtihani wa kemia shuleni hapa bila mkono wangu kupita kwenye chupa zake.

"Shikamoo, Bi Husna," kikasema, kikainama kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana." Nikatabasamu. Meno yangu bado mazuri.

Akauliza kama kuna ufunguo wa pili wa maabara. Nikamwambia, mbele ya Mwalimu Mkuu, kwamba ufunguo ni mmoja tu nao unalala katika pindo la leso yangu. Wa pili uko nyumbani ndani ya kopo la majani ya chai, lakini hilo halimhusu.

Daftari hili ni kijitabu cha majibu ya mtihani kilichobaki mwaka jana. Kina safu mbili, kushoto "Nilichokiona", kulia "Maana yake". Nitaandika kote kote.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Amezipanga chupa zangu kwa alfabeti. Nimezirudisha.

Jumatano, 30 Aprili

Amezipanga tena. Nimezirudisha tena.

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu Waziri wa kemia amewafunza Kidato cha Nne safu ya utendaji wa metali. Nimeisikia kila mwaka nikiwa nyuma ya meza, naweza kuisoma usingizini: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Kanuni yake mtoto wa chekechea ataielewa. Metali iliyo juu huifukuza iliyo chini kutoka katika chumvi yake, ikakaa mahali pake. Iliyo chini haiiwezi iliyo juu, hata ukiziacha pamoja hadi kiama. Ukitaka kutabiri, tazama tu nani yuko juu ya nani.

Leo nikiosha vyombo nimewapanga watu. Mwalimu Mkuu ni potasiamu, anakaa ndani ya mafuta, haguswi na hewa wala maji, na akiguswa ni moshi. Mwalimu Waziri ni magnesiamu, huwaka kwa mwanga mkubwa sana halafu linabaki jivu. Mimi ni zinki. Sina makeke, ila nikiwekwa mahali natoa mtu.

Fauzia nimemweka kwenye shaba. Anang'aa, anapendeza, na hamfukuzi mtu yeyote wa maana.

Jumatano, 7 Mei

Ameomba maji ya kunywa, amesahau chupa yake. Nikampa kutoka mtungi wangu. "Maji yenu matamu, Bi Husna," akasema. Nikamwambia, "Alhamdulillahi, ndiyo maji yetu hayo."

Hayo ni maji ya mvua. Ya bomba hapa shuleni yanatoka kisimani, na kisima kina chumvi. Kila mtu upande huu wa Msambweni anajua, maharagwe hayaivi kwa maji yale na chai ya maziwa hukatika. Kwa hiyo maabara hii haijawahi kutumia maji ya bomba kwa kitu chochote ila kuosha. Nina tangi langu chini ya paa. Mvua tatu za mwanzo wa masika naziacha zipite, zinaosha bati na chumvi ya upepo wa baharini. Kuanzia ya nne naligeuza bomba la paa, yakaingia tangini, nikayafunika. Jambo hili halijaandikwa popote. Limo kichwani mwangu na hapa ninapoliandika.

Mtu wa Mkongani, alikozoea maji baridi ya mto, atalijuaje?

Jumanne, 13 Mei

Kesho Mwalimu Waziri anataka naitreti ya fedha, awaonyeshe wanafunzi shaba ikiifukuza fedha. Ni kemikali ghali, tunayo kidogo mno ndani ya kichupa cha kahawia. Fauzia akauliza, "Niitengeneze mimi, Bi Husna? Nataka kuzoea."

"Itengeneze, mwanangu."

"Maji safi yako wapi?"

Nilikuwa nafuta bika la kioo. Nikasema bila kumtazama, "Bomba lile pale."

Jumatano, 14 Mei

Nilichokiona: Fauzia alipima vizuri, mkono hautetemeki. Akafungua bomba. Maji yalipogusa zile chembe, bika zima likawa jeupe kama tui. Akasimama akilitazama. Akatikisa. Likazidi weupe.

Darasa lilikuwa limeshajaa. Mwalimu Waziri akaja, akaangalia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la mwisho, "Hii ndiyo diploma yenyewe?" Watoto wakacheka. Fauzia akataka kulisogeza bika, likammwagikia vidoleni.

Naitreti ya fedha ikikuingia ngozini hugeuka nyeusi na haitoki kwa sabuni. Mchana vidole vyake vitatu vilikuwa vyeusi tititi. Nikamwambia mbele ya walimu chumbani mwao, "Lo! Umepakwa piko, bibi harusi? Mbona hukutualika?" Walicheka mpaka Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Maana yake: chumvi iliyomo majini imeikamata fedha. Yeye hajui. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 16 Mei

Vidole bado vyeusi. Anaficha mkono mfukoni.

Jumatatu, 19 Mei

Kuna mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaitwa Dama, anatoka Munje, mdomo wake hauna kifuniko. Nimemsikia dirishani akimwambia Fauzia, "Dada, kwani hukujua? Maji ya bomba yana chumvi. Kwetu hata sufuria za alumini zinatoboka. Bi Husna anajua, yeye hutumia ya tangini."

Nikangoja Fauzia aje anilalamikie. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuja. Jioni aliniaga, "Usiku mwema, Bi Husna," kama siku zote.

Shaba, nilisema.

Alhamisi, 22 Mei

Ameanza mchezo mpya. Kila asubuhi anachukua maji kidogo ya tangini katika tyubu ya kioo, anadondosha tone moja la ile naitreti iliyobaki, anatazama. Yasipobadilika anaandika tarehe kwenye kibandiko na kutia sahihi. Hata chupa za chumvi za metali anazipima hivyo kabla hazijatumika. Nikamwuliza, "Huniamini mimi?"

"Naamini, Bi Husna. Ni mazoea tu."

Mazoea ya wiki moja! Mtoto huyu ananichekesha.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua kubwa. Paa linavuja upande wa asidi.

Jumanne, 27 Mei

Tumehamisha chupa mia na arubaini, mimi na yeye, tumelowa chapachapa. Aliniambia nisibebe za rafu ya chini nisije nikaumia mgongo. Nilibeba za rafu ya chini zote. Sasa mgongo unaniuma, nimelala chali, naandika daftari likiwa kifuani.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nilikuwa peke yangu. Tangu mume wangu afariki, naye dada yangu ahamie kwa mwanawe, Idi yangu ni redio na mkate wa sinia wa kununua. Alasiri hodi ikabishwa, Fauzia huyo, amepanda gari kutoka kwao na bakuli la pilau limefungwa kwa kitambaa. "Mama kakuletea salamu. Amesema mtu anayenifunza kazi lazima ale Idi yangu."

Tuliketi barazani. Ana ucheko wa kitoto, anaziba mdomo kwa vile vidole, sasa vimebaki na vivuli tu. Alinieleza kwamba tangu shule ya msingi alitamani koti jeupe, na kwamba kwao ni yeye peke yake mwenye cheti. Kwa muda wa bakuli moja nilisahau kwamba huyu ni adui yangu.

Pilau ilikuwa haina chumvi ya kutosha. Niliimaliza.

Jumatano, 11 Juni

Macho yangu. Naliandika hapa kwa sababu sitalisema popote. Tangu mwaka jana mistari midogo ya silinda ya kupimia inacheza. Nimezoea kuikisia kwa mkono. Mkono wangu unajua.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimegundua jambo.

Nilirudi maabara mchana kuchukua mwavuli. Fauzia alikuwa peke yake, mlango niliuacha wazi. Alikuwa ameishika chupa ya asidi niliyoitengeneza asubuhi, anaipima upya. Akamwaga nusu, akaongeza maji, akapima tena, akaandika jina langu kwenye kibandiko. Jina langu, si lake. Nikarudi nyuma kimya kimya. Baadaye nilipokuwa peke yangu nikazikagua chupa zangu zote za mwezi huu. Kwenye kila kibandiko, chini kabisa kwa penseli, kuna kialama kidogo cha vema. Kila nilichokosea amekisahihisha, na hakumwambia mtu, hata mimi.

Angenitangaza ningemwelewa. Angemkimbilia Mwalimu Mkuu, ningejua napambana na nani. Lakini huyu ananihurumia! Mwezi mzima ananihurumia huku ananiamkia shikamoo, nami nimepokea kila shikamoo kama haki yangu. Sijawahi kutukanwa namna hii, wallahi.

Pilau ile ningeitapika kama ingekuwa bado tumboni.

Jumatatu, 23 Juni

Simsemeshi. Anadhani naumwa. Ameniletea tangawizi.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua imekatika. Kusi imeanza kupiga, kila kitu kina unga wa chumvi, hata mpini wa mlango.

Jumatano, 9 Julai

Dama kaja kumwomba Fauzia amweleze tena habari ya alumini. Nilikuwa najifanya nahesabu vizibo.

"Dada, alumini iko juu ya zinki, juu kabisa ya shaba. Kwa nini mwalimu anasema tukiitia kwenye salfeti ya shaba tuandike hakuna badiliko? Si inatakiwa iifukuze shaba mara moja?"

"Inatakiwa," Fauzia akasema. "Nguvu inayo. Lakini ina utando juu yake, mwembamba, huuoni. Utando huo unaizuia isiguse kitu. Ndiyo maana ukiitazama unadhani ni metali pole."

"Na utando ukitoka?"

"Hapo usiwe karibu."

"Unatolewa na nini?"

"Chumvi," Fauzia akasema. "Ile ile inayotoboa sufuria zenu Munje." Wakacheka wote wawili.

Jumatatu, 14 Julai

Mwalimu Mkuu ametangaza utaratibu wa bodi. Kila mmoja wetu atawaonyesha wajumbe jaribio. Mimi nitaonyesha zinki ikiifukuza shaba, jambo ninaloweza kulifanya nimefumba macho. Fauzia amechagua alumini kwenye salfeti ya shaba. Atawaeleza kwa nini safu inasema hivi na macho yanaona vile. Wajumbe wataiona alumini imekaa kimya kwenye maji ya buluu, naye ataeleza utando. Jaribio la kitu kisichotokea! Ni mtu mwenye diploma tu atakayechagua kuonyesha kitu kisichotokea.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima.

Ijumaa, 18 Julai

Bado nalifikiria.

Alhamisi, 24 Julai

Mwalimu Mkuu alinikuta koridoni, akaniambia taratibu, "Bi Husna, lolote litakalotokea, umetumikia shule." Umetumikia! Mtu akishaanza kusemwa hivyo, ajue kiti chake kimeshafutwa vumbi kwa ajili ya mwingine. Baada ya pindo hili la leso mimi nina nini? Nikiamka asubuhi nitafungua mlango gani?

Jumanne, 29 Julai

Fauzia alitengeneza salfeti ya shaba saa tisa alasiri kwa maji ya tangini, akaigawa katika chupa mbili, akabandika, akatia sahihi. Moja akaiweka mezani tayari kwa kesho, nyingine akaitia kabatini nyuma ya mizani. Akasema, "Ya akiba, ikitokea ajali." Nikafunga mlango, tukaagana getini.

Nilipoona gari lake limeondoka nikarudi. Nilipita jikoni kwanza. Mpishi amenizoea, hakuuliza. Vijiko viwili vya chumvi ya kawaida. Nikavitia kwenye chupa ya mezani, nikatikisa mpaka visionekane. Rangi haikubadilika, buluu ile ile nzuri. Ya kabatini sikuigusa, mizani ni mizito na mgongo wangu bado hauko sawa, tena nani ataitazama?

Kesho atawaambia wajumbe, "Haitafanya kitu." Nayo itachemka mbele ya macho yao. Hatapona.

Nilichokiona: nimetenda bila mkono kutetemeka.

Maana yake: sijui. Nafasi hii naiacha wazi.

Alhamisi, 31 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zitanisamehe. Yaliyotokea jana ndiyo haya.

Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti ni Bwana Tembo, mzee mnene anayependa kuketi mbele. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Waziri, na Kidato cha Nne wamesimama nyuma ukutani. Nilianza mimi. Zinki ikaingia kwenye salfeti ya shaba, buluu ikafifia, shaba ikaanguka chini, tope la rangi ya kutu. Nikawaeleza, "Zinki iko juu, shaba iko chini, aliye chini ametolewa." Bwana Tembo akapiga makofi. Nikaketi.

Fauzia akasimama. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi. Aliichukua ile chupa ya mezani, akaiinua wote waione, akamimina kwenye tyubu hadi nusu. Akaandaa kipande cha karatasi ya alumini.

Kisha akageuka.

"Waheshimiwa," akasema, "mimi ni mgeni katika kazi hii, nina muhula mmoja. Bi Husna ana miaka ishirini na miwili. Ningependa mwalimu wangu ndiye atabiri. Bi Husna, nikitia alumini katika maji haya, kutatokea nini?"

Wote wakanitazama. Nikatazama tyubu, nikamtazama yeye. Uso wake ulikuwa ule ule, mpole, wa shikamoo. Lakini macho hayakuwa yale. Ndipo nilipokumbuka kwamba kila asubuhi, kabla ya lolote, anadondosha lile tone lake. Kila asubuhi. Na jana asubuhi nilimfungulia mlango mimi mwenyewe, nikaenda kunywa chai.

Nikisema itachemka, nimejuaje? Nikisema haitafanya kitu, ndiyo jibu la kitabuni, hakuna atakayenilaumu, chupa ina sahihi yake. Nikasema, "Haitafanya kitu. Alumini ina utando."

"Una hakika?"

"Hakika."

"Ahsante. Basi tafadhali nishikie, ili nikiwaeleza wasione mkono wangu umefanya lolote."

Akaniletea tyubu hadi kitini. Nikaishika. Ningefanyaje? Kulikuwa na kishikio cha mbao palepale mezani, na kiweko cha tyubu, lakini mtu aliyesema haitafanya kitu anataka kishikio cha nini? Akatumbukiza alumini, akarudi nyuma hatua tatu.

Kwanza kimya. Nikahesabu moja hadi sita. Halafu vipovu, vidogo, kama vya soda. Alumini ikaanza kuvaa wekundu. Tyubu ikawa vuguvugu.

"Bi Husna, unaona nini?" Fauzia akauliza.

"Sioni kitu."

Ikawa moto. Vipovu vikazidi, buluu ikaanza kukimbia, tope likapanda na kushuka. Nikabana vidole. Bwana Tembo akaegemea mbele, "Mbona yafuka?"

"Ni mvuke wa kawaida, mwenyekiti," nikasema. Sauti ilitoka, sijui kutoka wapi.

Ikachemka. Yarabi, ikachemka mkononi mwangu kama uji. Nikiiachia nimekiri. Nikiiweka chini nimekiri. Nilimtazama Fauzia machoni nikamwambia kwa macho, chukua. Akaelewa, nina hakika kama jua kwamba alielewa. Koleo lilikuwa mezani mbele yake. Akalichukua. Akachukua kitambaa. Akalifuta lile koleo, upande huu, halafu upande ule, akakikunja kitambaa vizuri na kukirudisha mahali pake. Ndipo akaja akaitoa tyubu mkononi mwangu. Ngozi ya dole gumba na ya kidole cha shahada ikabaki kwenye kioo.

Dama alipiga ukelele kule nyuma. Mimi sikupiga.

Fauzia hakunitazama tena. Akafungua kabati, akasogeza mizani, akatoa chupa ya pili. Akamimina, akatia alumini, akaiweka mezani. Ikakaa kimya kabisa, buluu yake haikutikisika. Akachukua kile kichupa cha kahawia, akadondosha tone moja kwenye chupa ya kwanza, palepale pakawa peupe kama tui. Akadondosha kwenye ya pili, hapakuwa na kitu.

"Chupa hizi nilizitengeneza pamoja jana saa tisa alasiri," akawaambia, sauti ile ile ya chini. "Moja imetiwa chumvi baada ya hapo. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo wa maabara hii ni mmoja, ndivyo nilivyoambiwa siku yangu ya kwanza mbele ya Mwalimu Mkuu. Uko kwenye leso ya Bi Husna."

Nilifungua pindo kwa mkono wa kushoto na meno. Hakuna aliyenisaidia. Fundo lilikuwa la miaka mingi.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule imefungwa. Mkono umevimba. Nimeitoa safu ya metali niliyoiandika tarehe tano Mei na kuitazama. Kanuni ni ile ile, haina makosa. Mimi ndiye niliyemweka mtu mahali si pake, kisha nikamtia chumvi kwa mikono yangu, mara mbili.

Na mimi si zinki. Hilo nalo nimeliandika hapa.

Jumatatu, 4 Agosti

Mwalimu Mkuu alikuja nyumbani. Hakuketi. Akasema wajumbe walitaka barua ya kunifukuza iandikwe siku ile ile, tena nipelekwe polisi. "Fauzia ndiye aliyekuombea. Alisimama akawaomba wakubakishe."

Nikauliza, "Nibaki kama nani?"

Akatazama viatu vyake. "Anasema anahitaji mtu wa kuosha vyombo na kumchotea maji."

Nilitaka kukataa. Wallahi nilifungua mdomo nikatae. Nikaiona asubuhi ya muhula ujao, nimeketi barazani na redio, sina pa kwenda. Nikasema, "Mwambie ahsante." Alipoondoka nikalitoa kopo la majani ya chai, nikauchukua ule ufunguo wa pili, nikautupa chooni.

Jumatatu, 25 Agosti

Muhula wa tatu. Nilifika saa moja kasoro, nikasimama nje ya mlango hadi alipokuja. Ufunguo ameutia kwenye kamba shingoni. "Shikamoo, Bi Husna," akasema, akainama kidogo kama siku ya kwanza.

"Marahaba."

Chupa zimepangwa kwa alfabeti. Akaniuliza mkono unaendeleaje, akautazama, akaniambia nisiutie maji mengi. Kisha akanipa jagi. "Niletee maji, tafadhali. Ya tangini."

Nikaenda. Nikachota kwa mkono wa kushoto, nikarudi, nikaliweka jagi mezani. Nilipogeuka kuondoka akasema, "Ngoja kidogo, Bi Husna."

Akamimina maji yangu kwenye tyubu. Akafungua kichupa cha kahawia. Kidato cha Nne kilikuwa kimeshaanza kuingia, Dama mbele yao, nao wakasimama kutazama. Nikasimama pale karibu na meza, mikono nimeifunga kwenye leso, nikilitazama lile tone likining'inia.

Likaanguka. Maji hayakubadilika.

"Ahsante," akasema, akaandika tarehe. "Na kesho hivyo hivyo."

Ijumaa, 29 Agosti

Siku ya tano. Hayakubadilika.